Mfuko wa Gore-Tex wenye zipu kwa zumari ya Waskoti: unacholipia hasa ni zipu

Anayenunua zumari kubwa ya Waskoti, ile ya mfuko, kwanza huangalia mbao: mpingo, mti uleule unaokatwa Kilwa na Lindi, uliokerezwa mpaka unameta. Mfuko hukumbukwa mwisho. Hilo ni kosa, kwa sababu mfuko ndio unaoamua kama ndimi zote nne (vipande vinavyotetemeka na kutoa sauti), moja ya chanta, yaani mrija wa vidole unaopiga wimbo, na tatu za mirija ya mvumo, ile inayolia sauti moja isiyobadilika, zitapata hewa ya nguvu moja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hapa tunaupima mfuko wa kitambaa cha Gore-Tex wenye zipu, aina ambayo wengi huijua kwa jina la Canmore, dhidi ya mfuko wa ngozi. Tunaupima kwa ajili ya mtu anayepiga kwenye joto na unyevu: Dar es Salaam, Mombasa, au Maskati ya Oman, ambako hata kikosi cha farasi cha Sultani kina bendi ya zumari hizi.

Tuanze na sifa inayotangazwa sana, kwamba mfuko huu "unapumua". Ni kweli, ila nusu. Pumzi ya mtu hutoka imejaa mvuke, ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi. Gore-Tex hupitisha mvuke na kuzuia maji, lakini mvuke hutoka tu pale ndani panapokuwa na mvuke mwingi kuliko nje. Jioni ya masika pwani, hewa ya nje nayo imeshiba unyevu, kwa hiyo kitambaa hakina pa kuupeleka. Mvuke utageuka matone ya maji ndani ya mfuko kama unavyogeuka kwenye kifuniko cha sufuria, kisha yatatafuta njia ya kushuka. Asikudanganye mtu kwamba ukishanunua mfuko huu umemaliza habari ya maji.

Basi kwa nini ununue? Kwa ajili ya zipu. Ngozi ya kondoo hunyonya unyevu vizuri kuliko kitambaa chochote, na wapigaji wengi wa Skotlandi hawaiachi. Lakini inadai kazi. Inatakiwa kutiwa dawa ya kuziba vitundu mara kwa mara, tena dawa ipashwe kwa maji moto, imiminwe, ikandwe mpaka ifike kwenye mishono, kisha iliyobaki imwagwe. Na vishina, vile vipande vya mbao vinavyoshikilia mirija, hufungwa kwenye ngozi kwa uzi wa katani wenye nta, kwa nguvu ya mkono uliozoea. Fundi wa kazi hiyo hapatikani kila mji. Ngozi ikifungiwa sandukuni ikiwa mbichi, kwa joto letu itaota ukungu, na harufu yake haitoki. Mfuko wa zipu unaufungua, unaufuta ndani kwa taulo, unauacha wazi usiku kucha. Hilo peke yake linatosha kuushinda wa ngozi kwa mtu wa pwani.

Kuufunga hakuhitaji fundi. Vishina ni vitano: cha chanta, cha mrija wa kupulizia, na vitatu vya mvumo. Kabla ya kuving'oa kwenye mfuko wa zamani, vipige picha na kuvitia alama kwa penseli, la sivyo mrija mkubwa wa mvumo utajikuta hauketi begani. Kila tundu la mfuko mpya lina kola ya mpira. Ilowanishe kwa maji ya sabuni kisha sukuma kishina huku ukikizungusha, mpaka kola ikae juu ya mfuo uliochongwa kwenye mbao. Usitumie mafuta yoyote, maana hulegeza mpira na kishina huchomoka katikati ya wimbo. Kaza klipu, ile pete inayoizunguka kola, kwa bisibisi mpaka kishina kisizunguke ukikisokota kwa mkono, na uishie hapo. Ukizidisha, klipu huukata mpira na uvujaji huanza kidogo kidogo. Vichwa vya skrubu vielekezwe mbali na mbavu zako.

Sasa jaribu kama unavuja. Ziba vishina vinne kwa vizibo vya mpira, ukiacha mrija wa kupulizia na vali yake, inayozuia hewa isirudi. Jaza mfuko mpaka uwe mgumu kama mpira wa miguu, acha sekunde 60, kisha pulizia tena. Mfuko ukipokea zaidi ya nusu pumzi, kuna mahali panapovuja. Paka povu la sabuni kwenye ncha za zipu kwanza, maana ndipo penye kosa mara nyingi: meno mawili ya mwisho hayakufunga. Halafu zunguka kola moja moja. Zote zikiwa salama, weka mdomo kwenye mrija wa kupulizia huku mfuko ukiwa umejaa. Ukisikia hewa inakurudia kinywani, ni vali.

Zipu hupakwa grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele, hasa pale kitelezi kinapoishia. Usiivute kwa pembe. Nyoosha mfuko mezani, shika ncha moja, kisha vuta.

Kuhusu maji, kinga ya chini kabisa ni mtego wa maji ndani ya kishina cha kupulizia, umwagwe kila unapopumzika. Anayepiga zaidi ya nusu saa atahitaji na kopo lenye punje za udongo wa kunyonya unyevu, lenye mipira ya kupeleka hewa kavu kwenye mirija mitatu ya mvumo. Kwa mfuko wa zipu, kopo hilo linaingia na kutoka bila kung'oa kitu. Kwa wa ngozi usio na zipu, ni taabu. Ukiona mvumo mmoja umenyamaza ghafla huku mingine ikilia, usikimbilie kubadili ulimi. Chomoa mrija, elekeza ulimi chini, utikise: tone moja lililokaa chini ya kile kijibapa kinachotetemeka linatosha kukifunga. Kikaushe kwa pembe ya karatasi.

Maji haya pia ndiyo yanayopasua mpingo. Ukimaliza kupiga, tundu la mrija limelowa na kuvimba huku nje kukiwa kukavu, na chumba chenye kiyoyozi huzidisha tofauti hiyo. Mbao hupasuka kwa urefu. Pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kamba ndani ya kila mrija kabla ya kurudisha sandukuni.

Kasoro zake zisifichwe. Kitambaa huteleza chini ya kwapa, kwa hiyo kifuniko cha kodroi si pambo. Pia ni kigumu siku za mwanzo, na mkono uliozoea ngozi utahisi shinikizo linarukaruka. Lipime: chukua mpira mwangavu wa mita 2.5, ukunje kama U, tia maji nusu, unganisha ncha moja na kizibo chenye tundu kwenye kishina. Ulimi wa chanta wa kawaida hutaka tofauti ya sentimita 75 hivi kati ya pande mbili. Ukiweza kuyashikilia maji yasipande wala kushuka zaidi ya vidole viwili wakati wa kubadilisha pumzi na kwapa, mfuko umekukubali.

Wakati wa kuagiza, taja ukubwa wa mfuko, kwamba unataka wenye kola, na kipenyo cha kila kishina kwa milimita, kilichopimwa penye mfuo na si mdomoni. Ukiwa mfupi wa mikono, chagua mdogo.