Komiki za kununua kama una mtu wa kubishana naye: ipi kwanza, ipi iache

Mi na mshkaji wangu tunasoma komiki tangu sekondari na mpaka leo tunachogombania zaidi ni hela iende wapi, maana huku kwetu komiki hazijazagaa madukani, kila moja unaagiza au unabahatisha, ukikosea ndo hivyo umesubiri mshahara mwingine. Kwa iyo hapa nazipanga kuanzia bora mpaka ya mwisho kwa kipimo kimoja tu: nikimaliza kusoma naweza kumpa mwenzangu naye akasoma, alafu tukakaa tukaiongelea? Kama haiwezekani basi inashuka, hata iwe nzuri vipi.

Namba moja ni hadithi nzima iliyoisha kwenye kitabu kimoja, jalada laini. Persepolis ya Marjane Satrapi ilitoka Ufaransa vitabu vinne kati ya 2000 na 2003 lakini sahivi unaipata yote pamoja, Maus ya Art Spiegelman ilikuwa sehemu mbili (1986 na 1991), ndo ile iliyopewa tuzo maalum ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1992, nayo ipo nzima kwenye kitabu kimoja. Watchmen ilikuwa matoleo 12, ilitoka 1986 mpaka 1987, leo ni kitabu kimoja unachoweza kubeba kwenye daladala. Hiyo Watchmen ndo iliyonifanya niamini karatasi, kwa sababu sura ya 5 imechorwa kama kioo, mpangilio wa fremu (vile viboksi vya picha) za ukurasa wa kwanza unafanana na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hivo hivo mpaka zinakutana katikati. Mi nilikuwa nimeisoma mara mbili sijaona kitu! Mwenzangu ndo akaweka kidole mwanzo na kingine mwisho akaanza kufunua taratibu akiniambia angalia, angalia, na usiku ule hatukuongelea kitu kingine. Kwenye simu hiyo huioni kirahisi, fremu zinakuja moja moja.

Ndani ya hiyo hiyo namba moja, kama mnataka Afrika anzeni na Aya ya Marguerite Abouet, mchoraji Clément Oubrerie. Ni Abidjan, mtaa wa Yopougon, mwishoni mwa miaka ya 70, mabinti, wazazi, mapenzi ya kuibiana, umbea wa mtaa mzima, ukisoma unaona kabisa Manzese au Likoni. Ilishinda tuzo ya kitabu cha kwanza pale Angoulême, tamasha la komiki la Ufaransa, mwaka 2006. Angalia sana hapa: za Kiingereza zipo moja moja na zipo zilizounganishwa tatu tatu, kwa hiyo hadithi sita za mwanzo zinaingia vitabu viwili tu. Chukua hizo zilizounganishwa, usihangaike na moja moja. Alafu kuna Madame Livingstone, imechorwa na Barly Baruti, Mkongo wa Kisangani, ilitoka 2014, inahusu rubani wa Kibelgiji anayetumwa kuzamisha meli ya Wajerumani Ziwa Tanganyika kwenye vita vya kwanza vya dunia. Watu wa Kigoma meli ya Wajerumani ya vita ile mnaijua, Götzen, ndo hiyo hiyo Liemba. Yaani mtu ambaye hajawahi kushika komiki mpe hii kama ana ndugu Kigoma, ataisoma.

Namba mbili manga, yaani komiki za Kijapani, kwa sharti kwamba imeisha na unajua idadi ya juzuu kabla hujalipa ya kwanza. Juzuu moja ina kurasa kama 180 hadi 200, ni ndogo, nyepesi, bei yake inavumilika, na uzuri wake mnagawana: we nunua hizi yeye anunue zile mnabadilishana. Pluto ya Naoki Urasawa ni juzuu 8, nne nne mmemaliza. Death Note 12, sita sita. One Piece imeanza 1997 imeshapita juzuu 100 na haijaisha, aisee hiyo isome MANGA Plus, programu ya wachapishaji wenyewe Shueisha, ipo tangu 2019, sura mpya unasoma bure. Kingine, manga feki zipo nyingi, karatasi nyepesi mpaka unaona picha ya upande wa pili, na wino umejaa kwenye fremu za giza. Mi niliuziwa moja ina kurasa 16 zimejirudia, na 16 nyingine hazipo kabisa. Fungua katikati kabla hujatoa hela.

Namba tatu za mtumba, zile za kwenye turubai Posta Dar, au Nairobi pale wanapoitaga inama. Huchagui, unakutana nazo tu. Ukikuta gazeti la zamani la katuni la Sani, la Tanzania, lile la kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, chukua usiulize mara mbili, karatasi zake zinaliwa na wadudu kila siku na sijui nani anatutunzia. Au Shujaaz za mwanzo, ile ya Kenya iliyoanza 2010 ikigawiwa bure ndani ya gazeti, Sheng tupu.

Namba nne ni za kwenye simu. Ni rahisi na hamna mambo ya kusubiri mzigo, ila unacholipia ni ruhusa ya kusoma, na huwezi kumuazima mtu. ComiXology ilikuwa ndo duka kubwa, Amazon wakainunua 2014, ilipofika 2022 wakaiingiza kwenye Kindle, programu yao ya kusomea vitabu, na watu wakaamka maktaba zao zimevurugika.

Mbili za mwisho nazipitia haraka. Yale matofali ya jalada gumu yenye matoleo 25 na zaidi ni mazuri kutazama lakini mzigo unalipiwa kwa kilo, la kwangu usafiri ulikaribia bei ya kitabu chenyewe, na kulisoma kitandani huwezi. Ya chini kabisa ni matoleo ya moja moja ya Marekani, dola 4 au 5 kwa kurasa 20 na kitu, matoleo sita ni dola 24 mpaka 30 wakati kitabu kinachoyakusanya yote sita mara nyingi hakifiki 20. Na ukikosa toleo la nne umekwama, mi ninayo matatu ya hadithi moja mpaka leo sijui iliishaje.

Ukiishi Tanga, Mombasa, Zanzibar, usipange vitabu vikigusa ukuta, unyevu unaanza na gundi ya mgongo.

Mwezi huu mi nachukua Aya kitabu cha pili, yeye Pluto ya kwanza mpaka ya nne.