TAHADHARI: Ukiambiwa silingi ya gari inabandikwa bila kushushwa, kaa chonjo

Wenye magari ya umri, hii inawahusu. Nimeingizwa mjini mchana kweupe, tena nikiwa nimesimama palepale naangalia, na ningependa mteja anayefuata wa fundi aliyeniingiza apite hapa kwanza.

Gari langu lina zaidi ya miaka 20. Silingi, yaani dari ya ndani ya gari, ilianza kama zinavyoanza zote: kipovu kidogo juu ya kioo cha nyuma. Kikakua, kikawa tumbo, mwishowe kitambaa kikawa kinanigusa kisogo kila nikipita tuta. Vioo vikishushwa kinapepea kama tanga, na anayekaa nyuma anakiinua kwa kiganja ili aone mbele. Nikabana na pini. Zilikaa siku chache, zikaanza kudondoka mojamoja kwenye viti, na zote nilizigundua kwa kuzikalia.

Ndipo nikaona tangazo. Silingi inarudi kama mpya, saa moja tu, hatufungui kitu, tunakufuata ulipo, garantii mwaka mzima. Chini yake picha za kabla na baada, safi kabisa. Nikapiga. Sauti ya upole, "hiyo kazi ndogo sana bosi, usijali." Akaja na begi la mgongoni. Ndani mna makopo mawili ya gundi ya kupuliza, wembe, na rola ndogo ya kupakia rangi. Basi. Hakuna bisibisi zaidi ya moja, hakuna brashi, hakuna kitambaa kipya. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Akachomoa taa ya ndani, akachana kitambaa mahali pawili panapofichwa na vifuniko, akaingiza mrija wa kopo, akapuliza, akakandamiza kwa rola. Dakika 40 silingi imepanda na kunyooka. Akapiga picha nyingi kuliko mimi mwenye gari. Nikamlipa yote. Nilipouliza karatasi ya garantii akacheka: "Namba yangu si unayo?"

Wiki ya tatu gari lilishinda juani. Nafungua mlango, silingi imelala juu ya viti, safari hii yote, na gundi imetokeza upande wa nje kwa mabaka ya manjano, magumu kama ukoko. Nikampigia. Mara ya kwanza akasema gari langu lina joto sana. Mara ya pili akasema nilishusha vioo kabla gundi haijakauka. Mara ya tatu simu haikupokelewa, na tangu hapo nimefungiwa.

Fundi wa viti niliyempelekea baadaye hakunieleza mengi. Alivuta kitambaa, akapitisha kidole kwenye ubao ulio nyuma yake, akanionyesha. Kidole kimejaa unga wa rangi ya chungwa, kama mtu aliyeshika matofali mabichi. "Gundi yake imeshika hii," akasema.

Na kweli, siri yote iko kwenye huo unga. Silingi ya gari ni vitu vitatu: ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa, sponji nyembamba ya milimita chache tu, na kitambaa kinachoonekana. Sponji na kitambaa huja vimeungana tangu kiwandani, kisha upande wa sponji ndio unaogundishwa kwenye ubao. Joto na unyevu wa miaka vinaila sponji mpaka inasagika. Kwa hiyo silingi inaposhuka, mara nyingi gundi ya kiwandani wala haijaachia. Sponji ndiyo iliyokufa katikati. Ukipuliza gundi mpya juu ya sponji iliyokufa, unagundisha kitambaa kwenye vumbi. Itashika siku za picha, kisha uzito wa kitambaa na jua vinamaliza kazi. Ndani ya gari lililofungwa juani, huko juu karibu na bati, joto linaweza kupita nyuzi 60, na gundi nyingi za kawaida za kopo zinalainika kabla ya hapo.

Kwa hiyo anayekuambia "hatufungui kitu" amekwisha kukuambia kila kitu. Kazi halali ni ndefu na inachosha kuitazama: vikinga jua vinatoka, vishikio vya mkono, taa, plastiki za nguzo zinazoshika paa, viti vinalazwa, ubao mzima unatolewa nje kwa mlango wa nyuma au wa abiria bila kukunjwa, maana ukivunjika mstari ule hautafichika tena. Kitambaa cha zamani kinabanduliwa, halafu kuna kusugua. Hapo ndipo mafundi wavivu wanapoiba muda. Ubao usuguliwe kwa brashi mpaka kiganja kikipita kinatoka kisafi, si "karibu kisafi". Gundi iwe ya kuhimili joto, ipakwe pande zote mbili, iachwe ikauke kidogo hadi inanata bila kulowesha kidole, ndipo kitambaa kitandazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, nusu kwanza, kisha nusu nyingine.

Kuna wizi mwingine mdogo ndani ya huu: kitambaa chenyewe. Wapo wanaoshusha ubao vizuri kabisa, halafu wanakuwekea kitambaa kitupu kisicho na sponji kwa sababu ni rahisi kukipata. Kila kijishimo cha ubao kitaonekana, na gundi itavuja kutokea upande wako. Kabla hujakubali, shika kipande ukibonyeze kwa vidole. Kama hakibonyei, rudisha.

Lililonikasirisha kuliko hela ni pembeni, juu ya milango. Yule bwana alikuwa amepiga stepla ndefu kushikilia kingo, na kwenye plastiki ya nguzo pale pale pameandikwa AIRBAG. Magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni huificha kwenye ukingo huo wa paa, na mfuko unapofyatuka hutakiwa kuusukuma ukingo wa silingi ili ushuke upande wa kioo. Ukingo uliopigiliwa au kugundishwa kwenye bati unaweza kuuzuia. Fundi anayejua atachomoa waya wa betri na kusubiri dakika kadhaa kabla hajagusa hizo nguzo. Wangu hata hakuuliza ufunguo uko wapi.

Na kama silingi yako ina madoa ya maji, hasa kuzunguka sanrufu (kidirisha cha paani), tafuta panapovuja kwanza. Mara nyingi ni mirija ya kutolea maji iliyoziba. Ukibandika juu ya unyevu, hata kazi ya fundi mzuri itaachia.

Ya kwangu imerudishwa upya. Nimelipa mara mbili, na ya pili ilikuwa na kazi ya ziada ya kukwangua gundi ya kwanza. Juzi rafiki akanitumia tangazo la yule bwana akiniuliza kama namfahamu. Picha ya "baada" ni gari langu, saa ileile gundi ikiwa mbichi. Nimelitambua kwa doa la wino kwenye kikinga jua cha dereva.