Kipimo cha kifua kikuu kwa mgonjwa wa dayalisisi ya tumbo (kusafisha damu kwa maji yanayoingizwa tumboni): cha ngozi au cha damu?

Figo zinaposhindwa kufanya kazi, kinga ya mwili hudhoofika, na vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala huweza kuamka. Kipimo cha ngozi ni rahisi: mililita 0.1 ya tuberkulini, yaani protini za vijidudu vya kifua kikuu, hudungwa ndani ya ngozi ya mkono, na uvimbe hupimwa baada ya saa 48 hadi 72. Hata hivyo, chanjo ya kifua kikuu, BCG, ambayo watoto wetu hupewa wanapozaliwa, huweza kuleta jibu chanya lisilo la kweli, na kinga dhaifu huweza kuficha maambukizi yaliyopo. Isitoshe, mgonjwa wa Micheweni, Pemba, anayefuata huduma Unguja hulazimika kurudi kusomewa mkono wake, au kulala huko, naye kila siku ana maji ya tumboni ya kubadilisha.

Kipimo cha damu, kinachopima interferoni gama, kemikali inayotolewa na seli za kinga zinazovitambua vijidudu hivyo, hakiathiriwi na BCG na huhitaji safari moja tu. Kwa hiyo mimi nakipendelea, ingawa ni ghali, huhitaji maabara yenye vifaa, na pengine hutoa jibu lisiloeleweka. Hakuna kati ya vipimo hivi viwili kinachotofautisha maambukizi yaliyolala na ugonjwa wenyewe.