PyWavelets kwa mpiga picha wa vinyago: miezi saba ya kuitumia

Mpingo ni mgumu kuchonga, na ni mgumu vilevile kupiga picha. Unameza mwanga. Ukitaka mikunjo ya nguo ya mwanamke aliyechongwa ionekane, lazima upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, na ukipandisha ISO picha inajaa chembechembe kana kwamba mtu ameimwagia unga wa muhogo. Nina studio ndogo hapa Mtwara mjini, upande wa Rahaleo, na sehemu ya riziki yangu ni kuwapigia picha mafundi wa Kimakonde wanaouza kazi zao nje ya mkoa. Programu ya kusafisha picha niliyokuwa nailipia kila mwezi ilikuwa inakula faida yote. Ndiyo maana nikahamia PyWavelets, maktaba ya bure ya Python, yaani msimbo ulioandikwa tayari kwa lugha hiyo ya kompyuta, unaochambua picha kwa hesabu za vijiwimbi.

Kuipata hakuna shida: `pip install PyWavelets`. Ila kwenye msimbo unaiita `import pywt`, na mimi nilipoteza nusu saa nikiita jina refu. Yenyewe ni nyepesi. NumPy, maktaba ya hesabu ambayo PyWavelets inaitegemea, ndiyo iliyomaliza bando. Ikishaingia haidai intaneti tena. Leseni yake ni MIT, kwa hiyo kuitumia kwenye biashara ni ruksa.

Kabla ya kuiamini nilikaa na kalamu nikaifanya hesabu yake kwa mkono, na nakushauri nawe ukae. Chukua piseli nne mfululizo, mbili za kivulini na mbili za mahali taa ilipogonga: 10, 14, 80, 84. Zipange mbilimbili. Wastani ni 12 na 82; nusu ya tofauti ni -2 na -2. Rudia kwa hizo 12 na 82: wastani 47, nusu ya tofauti -35. Sasa mkononi una 47, -35, -2, -2, na ukigeuza hesabu unazipata zile nne za mwanzo kama zilivyokuwa. Zile -2 ndizo chembechembe. Zifanye sifuri, geuza hesabu: 12, 12, 82, 82. Vumbi limetoka, ukingo umesimama wima. Ungelainisha kwa kuchukua wastani wa piseli tatutatu, piseli ya pili ingekuwa 35 na ya tatu 59, yaani ukingo umeyeyuka kama barafu ya samaki juani.

Ni kazi ya chekeche tu. Unapitisha picha kwenye chekeche la kwanza, chenga na unga vinaachana. Chenga unazitwanga tena na kuzipitisha upya, hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kinachomwagika mpaka uamue mwenyewe.

Hesabu hiyo ya wastani na tofauti inaitwa Haar, kwa jina la Alfréd Haar wa Hungaria aliyeichapisha mwaka 1910. Jina la vijiwimbi, au weiveleti, lilishika miaka ya 1980, baada ya Mfaransa Jean Morlet kuchambua mitetemo ya ardhini katika utafutaji wa mafuta. Sisi tunaopakana na gesi ya Mnazi Bay habari hiyo inatugusa kidogo. Mwaka 1988 Ingrid Daubechies, Mbelgiji, akaleta familia ambayo kwenye PyWavelets unaiona kwa majina ya db1, db2, db3 na kuendelea. Hiyo db1 ni Haar yenyewe. Kwa vinyago natumia db2, yenye namba nne kwenye chujio lake, kwa sababu Haar ikibanwa sana huacha miraba kama vigae vya bafuni.

Kwa picha unaita `pywt.dwt2(picha, 'db2')`, inakurudishia vipande vinne: kimoja cha picha iliyopungua nusu kwa kila upande, na vitatu vya tofauti za mlalo, za wima na za kimshazari. Ukitaka hatua kadhaa kwa mpigo, `wavedec2`, na kurudi ni `waverec2`.

Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikionyesha kile kipande cha kwanza, uso wa kinyago ukatoka na mabaka meupe na meusi kama ugonjwa wa ngozi. Nikaisingizia maktaba. Kumbe PyWavelets haigawanyi kwa 2 kama nilivyofanya kwenye karatasi, inagawanya kwa kipeuo cha 2. Kwa picha, inayopitiwa mlalo na wima, piseli nne nyeupe za 255 kwa Haar zinazaa 510. Mimi nilikuwa nimeilazimisha namba irudi kwenye nafasi ya biti 8, isiyozidi 255, kwa hiyo palipokuwa na 300 pakaandikwa 44. Fanya kila kitu kwa desimali, ubane mwishoni.

Jambo jingine la kushtua: picha ya upana 512 kwa db4 haitoi 256, inatoa 259, kwa sababu kingo zinaongezewa kivuli chake kama kwenye kioo. Kuna mpangilio wa `periodization` unaotoa 256 kamili, lakini unaunganisha ukingo wa kushoto na wa kulia, na kinyago changu kiliwahi kupata alama ya pazia la upande wa pili. Nimebaki na ule wa kawaida. Picha yenye safu witiri hurudi na safu moja ya ziada, ikate tu.

Maktaba inakupa `pywt.threshold`, ila kizingiti chenyewe, yaani namba ambayo chini yake tofauti zinafutwa, unakitafuta wewe. Kanuni ya wanatakwimu Donoho na Johnstone ya mwaka 1994 inasema: chukua kipande cha kimshazari cha hatua ya kwanza, tafuta namba ya katikati bila kujali alama, igawe kwa 0.6745, hicho ndicho kipimo cha chembechembe. Kisha kizidishe kwa kipeuo cha mara mbili ya logi asilia ya idadi ya piseli. Picha zangu ni 6000 kwa 4000, piseli milioni 24, na kwa hizo kizidisho kinafika 5.8. Nilitii kitabu. Nikampelekea mzee mmoja wa Mikindani picha ya kinyago chake cha ujamaa, watu wamebebana toka chini hadi juu. Akaisogeza simu, akaiondoa, akaisogeza tena.

“Mwanangu, hawa umewanyoa?”

Nywele alizozichonga kwa ncha ya kisu siku mbili zilikuwa zimefutwa pamoja na vumbi. Nikaomba radhi. Sasa nazidisha kwa 2 au 2.5 kwenye hatua mbili za kwanza, chini ya hapo sigusi, natumia kizingiti laini, kinachopunguza kidogo hata tofauti zinazobaki, na rangi naisafisha kwa nguvu zaidi kuliko mwanga, maana madoa ya kijani na zambarau kwenye weusi hayana nywele za kupoteza.

Kuna `swt2` pia, isiyopunguza picha kila hatua, na kusema kweli matokeo yake ni safi zaidi. Lakini hesabu kumbukumbu kabla. Picha yangu kwa desimali za biti 64 ni megabaiti 192. Hatua tatu, vipande vinne kila hatua, ni zaidi ya gigabaiti 2.3 kwa rangi moja. Laputopu yangu ya gigabaiti 4 iliganda mpaka nikaizima kwa kidole. Nakata picha vipande na kutumia biti 32. Usiye na muda wa yote haya, scikit-image, maktaba nyingine ya Python ya picha, ina `denoise_wavelet` inayotumia PyWavelets kwa ndani na kujitafutia kizingiti. Kwa picha za harusi inatosha kabisa.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mifano yake inachukulia umeshazijua hesabu, na fundi picha kama mimi hakuzijua. Yule mzee picha ya tatu ameipokea. Ameniuliza kama naweza kumwondolea na ufa wa mguuni. Nimemwambia hiyo ni kazi ya gundi.