Fasenra kwa pumu kali: uzoefu wangu

Watu wakisikia kwamba najichoma sindano ya pumu hudhani ni ya kumtuliza mtu aliyebanwa. Siyo. Kifua kikishabana haisaidii kitu. Inhela ya bluu, ile ya kutuliza, bado natembea nayo, na ile ya kukinga naivuta asubuhi na jioni kama zamani. Fasenra, yaani benralizumabu, huzimaliza eosinofili, zile seli nyeupe za damu ambazo kwa baadhi yetu hujazana kwenye njia za hewa na kuzifanya zivimbe. Ndiyo maana daktari bingwa alianza na kipimo cha damu. Kama eosinofili zako ziko chini, usiitamani kwa sababu tu imemfaa mwenzako. Alihakikisha pia sina minyoo, maana seli hizo zina kazi ya kupambana nayo, kisha akanitaka nivute inhela mbele yake. Lilinikera kidogo, ila ana haki: pumu nyingi zinazoitwa sugu ni inhela inayovutwa ovyo.

Dozi ni miligramu 30. Tatu za mwanzo hupishana wiki nne, baada ya hapo ni kila wiki nane. Kwa mtu asiyependa ratiba kama mimi, hiyo ni nafuu kubwa; dupilumabu, sindano nyingine ya pumu, kwa mfano, huchomwa kila baada ya wiki mbili.

Mwanzoni nilichomewa kliniki na kukalishwa kidogo, waone kama mwili utaikataa. Sasa natumia kalamu ya sindano nyumbani. Naitoa kwenye friji nusu saa kabla, maana ikiwa ya baridi inauma zaidi, na siitikisi. Naigandamiza pajani, inalia tik, naishikilia hapo hapo hadi ilie mara ya pili na kidirisha kijae kijani. Kapovu kadogo ka hewa ndani yake hakana neno. Kichwa huniuma kidogo siku ile, basi.

Kilichobadilika hasa ni vidonge. Nilikuwa mtu wa prednisoloni, steroidi ya kumeza: uso umejaa, njaa haiishi, usingizi hakuna, na hofu ya mifupa na sukari juu yake. Pumzi ilianza kuwa nyepesi mapema, nikataka kuviacha siku hiyo hiyo. Daktari alikataa katakata. Ukivimeza kwa muda mrefu, tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, husinzia. Ukivikatiza ghafla, unaweza kuzidiwa vibaya. Kwa hiyo tulipunguza taratibu mno, na kila tulipoteremsha dozi viungo viliniuma na mwili ukalegea kwa siku kadhaa. Kipindi hicho hakisimuliwi sana, na ndicho kilichonichosha kuliko sindano yenyewe. Leo simezi hata kimoja. Nikipata mafua, kifua bado hukoroma, lakini sikimbizwi tena hospitali usiku.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naikata kwa bei, na kwa makaratasi ya bima: kila idhini ikikaribia kwisha daktari lazima aandike upya kwamba bado naihitaji, na wao hudai kumbukumbu za kubanwa ambako sindano yenyewe ndiyo imekuzuia.