Loji ya nyumba ya kikoloni Dodoma: kulala ni safi, ila historia waliyobandika ukutani ni nusu

Hii ni kwa wale mnaokuja Dodoma kikazi au kufatilia mafaili wizarani na hamtaki zile gesti mpya za vigae ambazo umeme ukikatika tu chumba kinageuka tanuri. Kuna loji moja upande wa Uzunguni, nyumba ya serikali ya zamani iliyokarabatiwa, jina siweki kwa sababu nina malalamiko nayo na wenyewe nimeshawaambia uso kwa uso.

Nianze na nyumba maana ndo kitu kilichonipeleka. Kuta nene za mawe, silingi iko juu sana, veranda ina wavu wa waya wa kuzuia mbu, saa nane mchana jua la Dodoma linawaka huko nje wewe ndani umekaa bila feni wala nini. Nyumba za namna hii zilijengwa kwa ajili ya watu wa boma, yaani ofisi ya serikali ya mkoloni. Reli ya Kati ilifika hapa 1910, mji ukaanza kuchangamka, afu Waingereza walipochukua nchi wakaifanya Dodoma makao makuu ya Jimbo la Kati, kwa hiyo PC, yaani mkuu wa jimbo, alikaa hapa, na DC, mkuu wa wilaya, daktari, watu wa ujenzi, baadae na wale wa jiolojia. Chumba cha nyumba kubwa ni elfu tisini na chai ya asubuhi, shuka safi, maji ya moto yapo, chandarua kizima hakina tundu. Jikoni wako taratibu mno ila wanajua kupika, agiza mapema ugali wa uwele na mlenda na mbuzi wa kuchoma, utakula ushibe. Waifai inasumbua.

Sasa malalamiko yangu. Sebuleni wamepanga picha za fremu ukuta mzima na kila chumba kina kikaratasi cha historia ya nyumba, na yote kuanzia juu mpaka chini ni habari za Bwana DC. Hema lake la safari, beseni lake la kuogea la kukunja, wapagazi wake, likizo yake ya kurudi Uingereza kwa meli. Sisemi hao watu walikuwa wanastarehe tu, hapana, wengi walikuja vijana wadogo wakapewa wilaya kubwa yenye njaa na ukame, wanatembea kwa miguu wiki nzima kijiji hadi kijiji kuhesabu walipa kodi na kusikiliza kesi, kwinini ya malaria kila siku, homa ya mkojo mweusi iliwaua wengi enzi za mwanzo, na wenye watoto iliwabidi wawaache Ulaya wasome miaka bila kuwaona. Hayo ni kweli na yaandikwe. Ila kwenye moja ya zile picha DC amekaa kwenye kiti mbele ya baraza, pembeni yake amesimama kijana wa Kiafrika, kaptula imepigwa pasi hadi mikunjo inaonekana, kashika daftari kubwa kifuani. Chini wameandika cheo cha mzungu. Yule kijana hana hata neno moja.

Hili liliniuma kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa kodi boma la Manyoni, najua hilo daftari lina maana gani. Karani ndo alikuwa anaandika jina la kila mlipa kodi, anakata risiti, anachapa barua, anatunza mafaili, kwenye baraza la kusikiliza kesi anatafsiri Kigogo kwenda Kiswahili na wakati mwingine hadi Kiingereza, na DC akimaliza muda wake anahamishwa anakuja mwingine asiyejua chochote, anayemuonesha njia ni karani yule yule. Wananchi nao wanamuona yeye ndo serikali. Kodi ikipanda lawama kwake, ndugu akikosa ada anakuja kwake, senti zikipungua kwenye hesabu wa kwanza kushukiwa ni yeye.

Na mshahara? Serikali ilikuwa na ngazi zake za mishahara kwa rangi, Mzungu juu, Muasia kati, Muafrika chini. Hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Tume ya Holmes ya 1948 ilipopitia mishahara ya watumishi Afrika Mashariki ilikuja na hesabu kwamba asiye Mzungu akifanya kazi ile ile yenye sifa zile zile alipwe tatu ya tano ya alichokuwa analipwa Mzungu. Tatu ya tano jamani, kwa kazi ile ile! Imekaa hivo mpaka Tume ya Lidbury 1954 ndo ikapendekeza iondolewe. Makazi ndo usiseme, bwana mkubwa anapewa nyumba kama hii na bustani, karani kota ya chumba kimoja au viwili, zikijaa akapange mwenyewe uswahilini, na uhamisho ukitoka anafungasha mke na watoto na magodoro anaanza upya Singida au Kondoa.

Na hawakukaa kimya, hicho ndo ninachotaka wageni wa hii loji wakijue. Martin Kayamba, karani wa Tanga, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mwaka 1922, Waislamu na Wakristo humo humo, kutoka kabila mbalimbali. Mwaka 1929 kikaja African Association Dar es Salaam, makarani na walimu wakiwa mstari wa mbele, na mwaka 1945 mkutano wake ulifanyika hapa hapa Dodoma. Mkoloni alishtuka mpaka 1953 ukatoka waraka wa kuwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, karani ikabidi achague, mshahara wa familia au kadi ya chama. Watu wa namna hiyo unawaandikaje bila jina kwenye ukuta wako?

Afu kuna vyumba vya uani, elfu thelathini na tano, wao wanaviita vya bajeti. Nilihamia huko makusudi usiku wa mwisho. Hivi ndo walikuwa wanalala boi na mpishi, mtu na mkewe na watoto. Kimo kifupi, bati tupu bila silingi, dirisha dogo limewekwa juu huoni nje, mchana joto linabaki humo mpaka usiku wa manane afu ikifika alfajiri baridi ya Dodoma inashuka yote kwenye bati. Hatua chache tu kutoka kwenye kuta zile nene. Hakuna maelezo yanayoweza kukufundisha tofauti ile kama kulala vyumba vyote viwili, na kikaratasi cha historia huku hakipo kabisa.

Nyuma ya nyumba kubwa, chini ukutani, kuna kijimlango cha chuma kimeshika kutu. Dada wa mapokezi aliniambia ni cha kupitisha hewa. Nikamuuliza mzee anayetunza bustani, nikamwamkia akaitika marahaba mwanangu, akasema hapo topasi alikuwa anapita usiku kutoa ndoo ya choo, ili bwana asionane naye. Mzee yupo pale kila siku na anajua kila kona ya ile nyumba, hakuna aliyewahi kumuomba azungumze na wageni.

Meneja nilimwambia yote haya, akanisikiliza vizuri kwa kweli, akasema wageni wanapenda mambo ya Wazungu wa zamani. Mimi ni mgeni na nimelipa, na sipendi hivo. Waongeze kikaratasi kuhusu makarani, topasi na wapishi, mafaili ya enzi hizo yapo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, waombe kibali wakasome. Wamlipe yule mzee awatembeze wageni nusu saa. Na ile picha waitafutie majina, waulize familia za hapa mjini, wajukuu wa makarani tupo.

Nyota nne kwa malazi, mbili kwa historia. Kama una familia chukua nyumba kubwa, kama uko peke yako omba chumba cha uani cha mwisho kabisa karibu na mti wa zabibu, hakipigwi jua la jioni, na ukija Juni au Julai dai blanketi la pili mapema maana hayatoshi.