Klachi ya Honda XL iliyogoma kuachia: nilivyohudumiwa Masasi

Kuna fundi mmoja wa pikipiki pale Masasi ambaye kazi yake inastahili kusemwa. Yeye anapima kwanza, ndipo anafungua. Na akishafungua anakuita uone kwa macho yako. Klachi yangu ilikuwa haiachii, yaani unaibana lakini injini bado inavuta gurudumu, na kabla sijafika kwake ilishafunguliwa kwingine, ikatiwa pleti mpya za faiba, nikalipa, na ugonjwa ukabaki palepale.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL125, ya mtumba, mali yangu. Natembelea nayo wakulima wa korosho vijiji vya Newala na Tandahimba, na anayezijua njia za huko anaujua mchanga wake. Msimu wa kupuliza dawa ya salfa hauna simile. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ukishaonekana kwenye maua ya mkorosho, mkulima anataka ufike, hataki habari za gereji.

Dalili zilikuwa hivi. Unabana mkono wa klachi mpaka mwisho, unatia gia ya kwanza, pikipiki inaruka mbele na kuzima. Ukiwa unakwenda, gia zinaingia kwa shida na kwa kelele. Ukisimama, nyutro haipatikani mpaka uzime injini. Injini ikiwa ya baridi ndiyo balaa zaidi.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba hakugusa spana. Aliizima, akatia gia ya pili, akabana klachi, akaisukuma. Ikagoma kama iliyofungwa breki. Akaniambia, "Bwana shamba, humu ndani pleti hazipishani. Lakini tuanzie nje, nje ni bure."

Nje maana yake waya. Alipima ulegevu wa mkono wa klachi kwenye ncha yake: kwa Honda nyingi unatakiwa uwe milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukizidi hapo, mkono unafika kwenye usukani na klachi bado haijafunguka vizuri. Wangu ulikuwa sawa. Akaniachia mimi nibane huku yeye akiangalia kile kimkono cha kwenye injini kinachovutwa na waya, kama kinatembea vya kutosha. Kinatembea. Waya haujachanika, haukwami. Hapo tukajua tatizo liko ndani.

Kisha oili. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha bila kukikaza, akakitoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, na ilikuwa nzito, ile ya SAE 40 inayouzwa kwenye madumu barabarani. XL ni injini ya foo stroku, oili moja inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Ikiwa nzito mno inazigandisha pleti, hasa asubuhi. Akanituma duka la spea nikatafute 10W-40 ya pikipiki yenye maandishi JASO MA kwenye kopo. Hicho ni kiwango cha Wajapani kwa oili za pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili. Ya MB usichukue, inateleza, na klachi hii inataka mshiko.

Aliponiita kuangalia ndani ndipo nilipomvulia kofia. Ile hausingi ya klachi, bakuli la aluminiamu linalobeba pleti, ina vidole pembeni, na meno ya pleti za faiba yanakaa katikati ya vidole hivyo. Ukibana klachi, pleti zinatakiwa ziteleze kwenye vidole na kuachana. Akanishika kidole changu akakipitisha pale. Palikuwa na vishimo, kimoja kwa kila pleti, vimechimbwa na miaka ya meno kugonga mahali pamoja. Pleti mpya zilizowekwa kwingine zilikuwa zimeingia kwenye vishimo vilevile na kunasa. Ungeweka pleti za dhahabu, zingenasa tu.

Pleti za chuma, zile zinazokaa katikati ya za faiba, nazo alizipanga moja moja juu ya kipande cha kioo, akapitisha pembeni fila, kile kijibati chembamba cha kupimia nafasi. Miongozo ya watengenezaji wengi huweka kikomo cha kupinda kati ya milimita 0.1 na 0.3, kutegemea aina ya pikipiki. Baadhi ya zangu zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu na fila inapita bila kugusa. Hiyo ni kazi ya mchanga: gurudumu linazama, dereva anashikilia klachi nusunusu huku amevuta mafuta, pleti zinasuguana, joto linazipinda. Zilizopinda zinabaki zinagusana hata ukibana klachi.

Angeweza kuniuzia seti nzima. Alisema za faiba bado nzima, unene upo, zirudi. Tukanunua za chuma tu pamoja na gasketi. Hausingi aliitoa nje kabisa ndipo akaipiga tupa. Hakuipiga ikiwa ndani ya injini, maana unga wa aluminiamu ukiingia kwenye oili unaleta maradhi mengine. Alikwenda taratibu, pande zote sawasawa, mpaka kucha ikapita bila kukwama, huku za faiba zikiwa zimelowekwa kwenye oili safi. Wakati wa kufunga springi alikaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo, ili sahani ya juu isikae upande.

Siku ilipofungwa, nilirudi nayo Newala. Nyutro inaingia injini ikiwa inanguruma, kitu nilichokuwa nimekisahau. Nimepanda ule mlima wa kuingia Newala nikibadili gia bila kelele, na tangu hapo nimekwenda mchangani mara nyingi, asubuhi na mchana wa jua kali. Haijaruka.

Kasoro zipo. Hana akiba ya spea, gasketi ilibidi isubiriwe kutoka Mtwara mjini, na wakati huo pikipiki ililala kwake ikiwa wazi, imefunikwa turubai tu. Hatoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa hiyo mwenye pikipiki ya ofisi atapata shida. Na kazi yake si ya haraka; ukimharakisha anakuambia uje kesho. Bei ya ufundi ilizidi kidogo ile niliyolipa kule kwingine, na sikuona sababu ya kubishana naye.

Ukienda, nenda na gasketi ya kava ya klachi mkononi na oili ya JASO MA, na ufike asubuhi kabla boda hazijajaa. Kuhusu hausingi aliniambia kweli: tupa inafaa vishimo vikiwa vifupi, na yangu haitavumilia kupigwa tena. Msimu ukiisha nitairudisha aifungue, na akisema inunuliwe mpya, nitanunua.